Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Umeniuliza, Gobnait, ununue santuri zipi.
Umechoka, wasema, na ukimya wa Rotterdam,
wa ghorofa ya nane, baada ya zamu ya usiku.
Mimi ni muuza misumari. Rangi, bawaba, kamba.
Santuri nilizirithi pamoja na duka
na deni la mafuta ya taa.
Lakini umeuliza. Basi kaa.

Usinunue yoyote yenye ukungu kwenye jalada,
wala ngome, wala msichana wa nywele ndefu
anayeikodolea bahari macho kana kwamba anaidai.
Hizo zimepikiwa wageni,
mwangwi umemiminwa kama sukari
kwenye chai ya mtu usiyemjua.
Kwetu hapa mvua ni mvua. Hulowesha soksi.

Anza na akina Breslin wa Donegali,
Eunan na Conall, fidla mbili, basi.
Miaka kumi na mmoja hawakusemeshana,
kisa ukuta wa zizi la kondoo.
Wa kumi na mbili wakaingia studio
wakapiga dakika arobaini bila kutazamana.
Msikilize wa chini anavyomfuata wa juu:
kama mtu anayerudisha jembe la kuazima
usiku, akaliegemeza ukutani,
asibishe hodi.

Kisha Sábha Ní Chualáin. Sauti yake tupu,
bila ala, bila kiitikio, na pua kidogo.
Kiayalandi chake mimi nakipata nusu;
nusu nyingine niliichapwa shuleni, ikakimbia.
Akifika mwisho haimbi tena,
mstari wa mwisho anausema tu,
kavu,
kama anayetaja bei ya yai.

Pesa ikibaki, wapo binamu zetu Wabretoni
na zile zumari zao kali kama siki.
Si za kila siku. Ziweke
kwa siku utakayogombana na mkuu wa wodi.

Sasa Thady Kinnane.
Zumari ya mfuko, ile isiyopulizwa kwa mdomo,
kiwiko ndicho mapafu yake.
Walimrekodi jikoni kwake, moto wa mboji ukiwaka,
mtu wa Dublin na mashine yake juu ya meza
na mimi chini ya meza, pamoja na mbwa.
Miaka tisa. Kifaduro kilikuwa kinaniaga
na hakikutaka kuaga kimya kimya.

Upande wa pili, wimbo wa tatu, wimbo wa polepole,
dakika ya pili: kikohozi.
Ni mimi.

Thady hakukatisha. Aliiacha ile sauti nene ivume,
akanisubiri nimalize,
kama unavyompisha ng'ombe mlangoni,
ndipo akaendelea na safari yake.
Mtu wa Dublin akamsihi arudie.
"Imeshapigwa," akasema, akaomba chai.

Mwaka juzi alikuja mtu kutoka Osaka.
Anaamini kikohozi kile ni cha mzee
aliyekuwa anakata roho chumba cha pili.
Ameandika kurasa sita juu yake.
Nikamuuzia bawaba mbili. Sikumwambia kitu.

Wewe nakuambia, kwa sababu kuna jingine.
Baada ya kikohozi, ukiongeza sauti,
ukainamisha kichwa karibu na spika,
utasikia "shii."
Nyembamba, kama mkasi juu ya karatasi.
Huyo ni mama yako. Miaka kumi na mmoja.
Alinifinya pia, lakini kufinya hakurekodiki.

Kwa hiyo hiyo usinunue.
Nimeibana kati ya mbao mbili za plaiwudi,
nimeipeleka posta tangu jana.
Nauli ya posta utanilipa Krismasi.
Na sindano ya mashine yako, ibadilishe kwanza.
Nakujua wewe.